Kwa nini wajenzi wa hotirodi wanaipenda injini ya Corvette na kumnunia mwenye Corvette?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni Mtanzania, naishi Ohio na nafanya kazi kiwandani. Kazini kuna mzee wa Kimarekani tunayeelewana sana. Amejenga hotirodi, yaani gari kuukuu lililoundwa upya liende kasi, kwa mikono yake mwenyewe kutoka kwenye Ford ya 1932, na Jumamosi huwa ananichukua twende maonyesho ya magari. Sasa nimepata Corvette ya 1977, lile gari la michezo la Chevrolet, kwa bei ninayoimudu, injini ya kawaida, rangi imechoka. Nilipomwambia, alikunja uso akasema hilo ni gari la watu wa cheni za dhahabu, wasiojua kingine ila kupangusa vumbi. Lakini boneti ya gari lake ikifunguliwa, ndani kuna injini ya Chevrolet, na vifuniko vya valvu vimeandikwa “Corvette”. Nashindwa kumwelewa. Anayapenda magari hayo au anayachukia? Na mimi ninunue au niache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Gari analipenda. Wenye magari ndio asioiva nao, na ana sababu ambazo baadhi yake ni za kweli. Kuhusu kununua, nunua, ila kwanza ukague sehemu nitakazokutajia huko chini.

Nimefanya kazi kwenye gereji za huku zinazohudumia kambi zote mbili, na maneno ya mzee wako nimeyasikia mara nyingi, wakati mwingine kutoka kwa mtu aliyeshika spea ya Corvette mkononi. Tuanze na hivyo vifuniko ulivyoviona. Ni vya aluminiamu, vina mapezi yaliyosimama kwa urefu, na jina limechomoza katikati. GM (General Motors, kampuni mama ya Chevrolet) walianza kuvifunga kwenye Corvette mwaka 1956. Chevrolet ya kawaida ilikuwa na vifuniko vya bati vilivyopakwa rangi, vinavyofanya kazi ile ile ya kuzuia oili isiruke. Kwa hiyo mzee wako alivitafuta kwa makusudi. Alivinunua, akavisugua pezi baada ya pezi, akavifunga mahali ambapo kila anayepita atavisoma, maana hotirodi nyingi hazina hata boneti za pembeni. Mtu hafanyi hivyo kwa kitu anachokichukia.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye pesa. Hotirodi ni mtoto wa vijana wasio na kitu. Mwaka 1932 Ford walitoa V8 yao ya kwanza ya bei nafuu, yaani injini ya silinda nane, yenye ujazo wa inchi 221 na nguvu ya farasi 65. Magari hayo yalipochakaa, vijana wa California waliyanunua kwa bei ya kutupa. Waling'oa madigadi, wakapunguza uzito, wakachonga silinda hedi na kuongeza kabureta, kisha wakaenda kukimbizana kwenye maziwa yaliyokauka ya jangwani, kama Muroc na El Mirage. Chama chao cha mbio za huko, SCTA, kilianzishwa 1937. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, wanajeshi waliorudi wakiwa wamejifunza ufundi waliujaza mchezo huo. Heshima yao ilikuwa na kipimo kimoja: hili gari umelifanyia nini?

Januari 1953, GM wakaionyesha Corvette kwenye ukumbi wa hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Mwaka huo zilijengwa 300 tu kule Flint, Michigan, zote nyeupe, na viti vyekundu. Bei ilikuwa dola 3,498, karibu mara mbili ya Chevrolet ya kawaida. Na GM walitaka hizo za mwanzo ziende kwa watu wenye majina: wakubwa wa miji, waigizaji, matajiri wa viwanda. Sasa fikiria kijana aliyekesha gerejini akichomelea shasi anapopewa habari hiyo. Halafu akachungulia chini ya boneti akakuta injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, farasi 150, na giaboksi otomatiki ya gia mbili. Gari linaitwa la michezo na halina hata klachi! Kwa mtu wa hotirodi hiyo ilikuwa dharau. Ford yake kuukuu ya V8, baada ya kufanyiwa kazi, ingeiacha Corvette hiyo mataani.

Kulikuwa na kidonda kingine. Bodi ya faibaglasi, ambayo GM waliitangaza kama ajabu, ilikuwa tayari inajulikana California. Bill Tritt alikuwa akiuza bodi zake za Glasspar G2, mtu anaifunga juu ya shasi ya gari la zamani, anatia V8 ya Ford, anapata gari la michezo gerejini kwake. Bodi mojawapo kati ya hizo ilitengenezewa gari la kampuni ya Naugatuck Chemical, na gari hilo likaonyeshwa kwa GM mwaka 1952. Sitasema GM waliiba wazo, kwa sababu wabunifu wao walikuwa na mipango yao. Ila waliokuwa wakijenga magari ya namna hiyo kwa mikono yao waliona kitu chao kimerudi kimevaa suti.

Hapa sasa ndipo hadithi inapogeuka, na ningependa mzee wako akusimulie kwa mdomo wake mwenyewe, maana nina hakika anaijua. Mtu aliyeiokoa Corvette alitokea upande wa hotirodi. Anaitwa Zora Arkus-Duntov, mzaliwa wa Brussels 1909, wazazi wake Warusi. Kabla ya kuingia GM, yeye na ndugu yake Yura walikuwa na karakana New York, na mwishoni mwa miaka ya 1940 walitengeneza silinda hedi za aluminiamu za kufunga kwenye V8 ya Ford. Injini ya Ford ilikuwa na valvu zake pembeni ya silinda, ndani ya bloku. Hedi za akina Duntov zilizipandisha valvu juu na kuipa injini vyumba vya kuunguzia vyenye umbo la nusu tufe, hewa ikaingia na moshi ukatoka bila kubanwa. Waliziita Ardun, jina lililotokana na Arkus-Duntov. Zilikusudiwa zaidi malori, lakini waliozigombania ni watu wa mbio. Leo seti halisi ya Ardun ikifika mnadani, watu wa hotirodi huinamisha vichwa.

Duntov aliiona Corvette kwenye yale maonyesho ya 1953, akaandika barua kuomba kazi, na Mei mwaka huo akaajiriwa. Desemba 16, 1953, akawaandikia wakubwa wake waraka kuhusu vijana, watu wa hotirodi na Chevrolet. Aliwaambia waziwazi kwamba magazeti ya hotirodi yamejaa Ford mwanzo mpaka mwisho. Kwamba kijana anayeanza na Ford huendelea na Ford hata akipata pesa. Na kwamba hata Chevrolet wakitoa V8 nzuri, itachukua miaka watu kuizoea, kwa sababu spea za kuongeza nguvu za Ford zimeshajaa madukani. Dawa aliyopendekeza ni kampuni yenyewe itengeneze spea hizo: kemshafti (shafti inayofungua valvu), valvu, springi, pistoni, manifoldi, na ziuzwe kwa yeyote. Kuhusu Corvette alisema, kwa kuwa watu wataikimbiza tu hata kampuni isipotaka, heri isaidiwe ishinde.

Nimeusoma waraka huo mara nyingi, na bado unanigusa. Mhandisi mgeni, hana hata mwaka kazini, anaieleza kampuni kubwa kuliko zote za magari kwamba inapaswa kuwaheshimu vijana wenye mikono michafu. Na walimsikiliza.

V8 ndogo ya Chevrolet iliingia sokoni kwa magari ya 1955, ujazo wa inchi 265. Ilikuwa nyepesi kuliko ile injini ya silinda sita, fupi, rahisi kutengeneza, na ilipenda kuzunguka kwa kasi bila kulalamika. Mwaka 1957 ikafika inchi 283, na kwenye Corvette ikapewa mfumo wa kupuliza mafuta wa Rochester badala ya kabureta, na kemshafti ambayo mpaka leo mafundi wanaiita kwa jina la Duntov. Ikatoa farasi 283, mmoja kwa kila inchi ya ujazo. Mwaka huo huo ikapata giaboksi ya gia nne. Baadaye zikaja inchi 327 na 350, na spea nyingi za hizi zinaingiliana na za kwanza. Ndiyo maana kufikia miaka ya 1960 V8 ya zamani ya Ford ilikuwa imeshapinduliwa ndani ya bodi za Ford zenyewe. Corvette ikigongwa, bodi ya faibaglasi inapasuka vipande, bima inalipa, na injini inabaki nzima kwenye uwanja wa skrepa. Mjenzi wa hotirodi anakwenda na winchi yake. Kwa miaka mingi Corvette iliyokufa ndiyo iliyokuwa Corvette ya maana kwao, na mzee wako nadhani ni wa kizazi hicho.

Lakini injini hiyo ilikuwa na upande wake mchungu. Kwenye mbio za robo maili, aliyetumia miaka mitatu kujenga gari alijikuta pembeni ya aliyeingia dukani, akalipa karibu dola 500 za ziada kwa ule mfumo wa mafuta wa 1957, akatoka na gari linaloshinda. Kushindwa na fundi mwenzako kunavumilika. Kushindwa na hundi kunauma, na uchungu huo ulirithishwa. Hata vijana ambao hawakuzaliwa wakati huo wanausema kana kwamba walikuwepo.

Kambi zikatengana zaidi miaka ya 1970. Wenye hotirodi walianzisha mkutano wao mkubwa wa taifa mwaka 1970 kule Peoria, Illinois, na kanuni ya chama chao, NSRA, ilikuwa magari ya 1948 kurudi nyuma. Corvette ya kwanza kabisa ilizaliwa 1953, kwa hiyo mlango ulifungwa. Kanuni hiyo imelegezwa baadaye, siku hizi wanapokea magari yenye umri wa miaka 30 na zaidi, lakini watu walishazoea kukaa mbalimbali. Upande wa pili, mwaka 1974, kilianzishwa chama cha warejeshaji wa Corvette, NCRS, na hapo ndipo penye kiini cha manung'uniko ya mzee wako.

NCRS wanahukumu gari kwa swali moja: je, liko vile vile lilivyotoka kiwandani siku ile? Ili upate daraja la juu unahitaji asilimia 94 ya alama. Mwamuzi anapiga magoti na tochi mbele ya injini, upande wa abiria, kwenye kipande bapa cha bloku kilicho mbele ya silinda hedi. Hapo pamegongwa namba. Anazisoma kama zinakubaliana na namba za gari, kisha anatazama mikwaruzo midogo iliyoachwa na mashine ya kiwandani, kwa sababu wapo matapeli wanaochonga bloku nyingine na kugonga namba upya. Anaangalia tarehe zilizosubiwa kwenye chuma, aina ya klempu za hosi, alama za chaki alizoandika mfanyakazi wa kiwanda. Ukiipaka rangi vizuri kuliko kiwanda walivyopaka, unakatwa alama. Kama kiwandani rangi ilirukia pasipotakiwa, nawe unatakiwa uirushie.

Kwa mtu wa hotirodi huo ni ulimwengu uliopinduliwa. Yeye amefundishwa kwamba kiwanda ndicho mahali pa kuanzia, na mtu anayelipa fedha nyingi ili kurudisha kasoro za kiwanda anamwona amepoteza kitu. Na kinachomkera zaidi ni kwamba tuzo mojawapo ya juu ya chama hicho imepewa jina la Duntov, mtu ambaye maisha yake yote hakukubali gari libaki lilivyo.

Hapa lakini nasimama upande wa wenye Corvette, na ningependa umfikishie mzee ujumbe. Mfano mzuri ni Sting Ray ya 1963. Ile yenye paa ilikuwa na dirisha la nyuma lililogawanywa katikati na mfupa wa bodi. Bill Mitchell, mkuu wa ubunifu, aliupenda. Duntov aliupinga, kwa sababu dereva haoni vizuri nyuma. Zikajengwa 10,594 za namna hiyo, na 1964 ule mfupa ukaondolewa. Wenye za 1963 wengi wakachukua msumeno, wakaukata, wakaweka kioo kimoja ili gari lionekane jipya. Wengine walitanua madigadi ili yameze matairi mapana, wakapaka rangi za kumetameta, wakang'oa injini za asili na kuziuza. Leo dirisha lililogawanyika ndiyo Corvette inayosakwa kuliko karibu zote za kizazi chake, na kila iliyokatwa ni pengo lisilozibika. Warejeshaji wanaokagua namba kwa tochi ndio waliofanya tujue leo kiwanda cha St. Louis, Corvette zilikohamia baada ya Flint, kilifunga nati gani wapi. Bila wao tungebaki na hadithi za baa. Hiyo nayo ni kazi ya mikono na macho, na baadhi yao ni mafundi hodari kuliko wengi wanaowacheka.

Ila tabia ipo, nisifiche. Kuna mwenye Corvette anayefika na gari juu ya trela, anaweka kioo chini ili tuone mpaka tumbo la gari, anaketi nyuma yake kwenye kiti cha kukunja na koti lenye beji za klabu, na ukimuuliza kemshafti yake ni ya namna gani anakuelekeza kwa fundi wake. Wana desturi ya kupungiana mkono barabarani, Corvette kwa Corvette. Nzuri kwao, lakini anayepita na Ford ya 1932 anaona mkono unashuka. Hayo madogo ndiyo yanayokaa rohoni kuliko historia yote niliyokueleza.

Na mzee akizidisha, muulize kwa adabu kuhusu hotirodi za siku hizi. Bodi mpya za chuma za Ford ya 1932 zinatengenezwa na kuuzwa, shasi inakuja tayari, injini inakuja kwenye kreti, na wapo wanaolipa gereji tangu nati ya kwanza hadi rangi, kisha wanaketi kwenye viti vile vile vya kukunja. Injini inayopendwa kwenye kreti hizo ni ya familia ya LS, V8 za kizazi kipya za GM, ambayo ilitangulia kuonekana kwenye Corvette ya 1997. Wajenzi wa kweli wanawanunia hao pia. Hilo linakuonyesha kwamba beji ya gari ni kisingizio. Anachopima ni jasho.

Sasa gari lako. Mwaka 1977 zilijengwa 49,213, kwa hiyo si adimu. Injini ya kawaida ya mwaka huo, L48, ni inchi 350 yenye farasi 180 tu, kwa sababu za sheria za moshi, mgandamizo mdogo na kikatalisti kwenye ekzosi. Hakuna mwamuzi atakayelia ukiibadilisha silinda hedi na kemshafti. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo Corvette ya kumfaa mtu wa hotirodi: umbo zuri, injini ile ile ya familia, sasipensheni ya nyuma ambayo kila gurudumu linajitegemea, na thamani isiyokutia hofu ya kushika spana. Soma kwanza sheria ya moshi ya mahali unapoishi. Ukiamua kuweka injini nyingine, ile yenye namba zake ipake oili, ifunike, iweke pembeni. Atakayelimiliki baada yako atakuombea dua.

Rangi iliyochoka isikutishe hata kidogo. Faibaglasi haishiki kutu, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapodanganyika, kwa sababu chini ya ngozi hiyo kuna mifupa ya chuma inayozunguka kioo cha mbele, milango na paa. Maji yakipenya kwenye pembe za kioo yanaiozesha kimyakimya, na kuitengeneza kunaweza kukugharimu kuliko gari lenyewe. Ondoa kava la plastiki lililo pembeni ya miguu ya dereva, kisha la upande wa abiria, umulike tochi mpaka chini kabisa. Kisha ingia uvunguni uende kwenye fremu mbele kidogo ya matairi ya nyuma, pale inapopanda juu, uigonge kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu na kumwaga maganda. Ohio wanamwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi, kwa hiyo usione aibu kugonga sana. Taa za mbele zinainuliwa kwa nguvu ya mvuto wa hewa kutoka injini. Zikipanda moja moja au zikigoma, mara nyingi ni hosi zilizopasuka, rahisi, na ni hoja nzuri ya kushushia bei. Shika pia tairi la nyuma kwa mikono miwili ulitikise. Likicheza, bushi au beringi za mikono ya nyuma zimekwisha, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa.

Mwombe mzee wako aende nawe siku ya ukaguzi. Mwambie unataka gari la kulitengeneza mwenyewe na unahitaji jicho lake kwenye fremu. Sidhani kama atakataa. Na mkikuta kutu imekula zile nguzo za kioo, shukuruni muondoke bila kubishana bei, maana za mwaka ule bado zipo nyingi.